Modeli za plastiki kwa vifaa vya mtaani Arusha, kuanzia kukata kipande mpaka kuipaka vumbi

Wakuu habari. Mimi ni fundi simu hapa Arusha, nina kibanda nyuma ya Soko Kuu, na pale kwenye kioo cha mbele kati ya kava na chaja kuna Datsun nyekundu ndogo yenye boneti nyeusi, urefu wake kama sentimita 17 hivi. Kila siku lazima mtu aache ishu ya kioo chake kilichopasuka aniulize ile gari shingapi. Siuzi. Ila wanaouliza "unaitengenezaje" wameanza kuwa wengi kuliko wanaouliza bei, na mimi kuongea huku nimeshika soldering gun ya kuchomelea risasi hapo kwenye bodi ya simu ya mtu siwezi, kwahiyo naandika yote hapa mara moja nipumzike.

Kwa asiyejua, modeli ya plastiki inakuja kwenye boksi, vipande vyote vimeshikana kwenye fremu za plastiki kama majani kwenye tawi, wewe unakata, unasafisha, unagundisha, unapaka rangi, unabandika stika. Sio mdoli wa kuchezea mtoto, ukimpa mtoto ni dakika mbili tairi zimetoka. Kila modeli ina skeli yake. Magari mengi ni 1/24, ndege 1/72 au 1/48, vifaru 1/35. Hiyo namba usiipite haraka kwasababu ndo itakayokuumbua, 1/24 maana yake milimita moja kwenye modeli ni milimita 24 kwenye gari ya kweli, kwahiyo ukiacha ufa wa nusu milimita kwenye bodi umeacha ufa wa milimita 12, na ufa huo hata fundi wa chini ya mjakaranda hawezi kukukabidhi gari nao akakudai hela.

Hiyo Datsun yangu ni 240Z, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller akimsomea njia, namba 11 ubavuni. Enzi hizo ilikuwa inaitwa East African Safari na ilikuwa haiishii Kenya tu, inakatiza mpaka Tanzania na Uganda. Mwaka 1973 240Z ikashinda tena, safari hiyo Shekhar Mehta ndo yuko kwenye usukani. Wazee wa hapa mjini wanaokumbuka rali wakiiona kwenye kioo wanasimama, na hao ndo wateja wangu wagumu maana wanajua ilivyokuwa. Boksi lenyewe alikuja nalo mama mdogo akitokea Uingereza, alilikuta kwenye duka la vitu vilivyotumika, limekaa kwenye dari la mtu miaka na miaka. Kumbuka hilo la dari, litarudi.

Vifaa sasa. Watu wengi wanakata tamaa hapa, wanaona video za Wajapani wana meza kama chumba cha upasuaji wanasema aah hii ya matajiri. Hapana bana. Zunguka mjini tu. Duka la dawa waombe blade za upasuaji namba 11 na mpini namba 3, ni kali kuliko kisu chochote cha stationari na ukichoka nayo unabadilisha blade tu, na hapo hapo chukua bomba za sindano mbili tatu bila sindano, hizo za kupimia rangi na thina. Duka la vipodozi chukua tupa za kucha zile za sponji zenye msasa pande mbili, kibano cha nyusi chenye ncha kali, pamba za masikio pakti moja, na brashi laini ya kupakia poda. Duka la rangi za magari chukua msasa wa maji namba 400, 600, 1000 na 2000, karatasi moja moja inatosha sana, na tepu ya karatasi wanayozibia vioo wakati wa kupiga rangi. Nyumbani unao mswaki uliochoka, vibanio vya nguo, raba bendi, na sabuni ya maji ya vyombo. Kama unamjua fundi simu muombe spiriti ya kusafishia bodi, ile aizopropili, na akikuachia lampu yake ya kukuza siku ya Jumapili mnunulie soda.

Vitu viwili tu ndo huwa naagiza nje au namsubiri mtu anayekuja, gundi ya modeli na rangi zake. Gundi nayotumia ni Tamiya ile nyepesi yenye kifuniko cha kijani na kibrashi ndani, chupa ya mililita 40 inaisha baada ya modeli nyingi tu kama hukuacha wazi. Rangi ni akriliki. Vingine vyote mjini vipo.

Kabla sijasahau, onyo. Plastiki ya modeli ni polistaireni na ina maadui wake. Thina ya gereji, petroli, asetoni ya kutolea rangi ya kucha, vyote hivyo vinaila. Kuna dogo alikuwa anajifunza kwangu, alikosea rangi kwenye mlango wa ndege akaona aifute chap kwa thina ya fundi rangi wa jirani, mlango ukawa kama bigijii iliyotafunwa, na alama ya kidole chake ipo mpaka leo. Ukikosea rangi ya akriliki ifute kwa ile aizopropili, inang'oa rangi na plastiki inabaki salama. Na chochote kingine usichokijua kijaribu kwanza kwenye fremu tupu, fremu ni ya kutupa hata hivyo.

Haya tuanze. Siku ya kwanza usikate kitu. Fungua boksi, weka fremu zote kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua taratibu na mswaki, suuza, acha zikauke zenyewe. Kiwandani plastiki hiyo ilimiminwa kwenye chuma na inaweza kuwa imebaki na mafuta mafuta ya kuifanya itoke, na rangi haipendi mafuta. Wakati zinakauka soma karatasi ya maelekezo mwanzo mpaka mwisho, weka alama ya kalamu kwenye kila sehemu inayotaka kupakwa rangi kabla ya kufungwa, maana ukishafunga bodi juu ya siti huwezi kurudi kupaka siti, nimeshafanya hivyo nikajifanya siti za gari ile zilikuwa za kijivu tangu kiwandani.

Kukata ndo wengi wanaharibia. Usipindishe kipande mpaka kivunjike kwenye fremu kama unakwanyua embe, kitakatika ndani ya kipande chenyewe na utabaki na kishimo. Kata mara mbili. Ya kwanza mbali, kwenye kishingo kinachounganisha kipande na fremu, ili kipande kitoke kikiwa na kipande cha kishingo bado. Ya pili kata karibu ila sio kabisa, acha kama nusu milimita. Hiyo nusu milimita unaipunguza kwa blade ukilaza blade sambamba na plastiki kama unamenya kiazi, unamalizia na tupa ya kucha. Ukikata moja kwa moja karibu plastiki inavutika inaweka weupe ambao hautoki, kwenye plastiki ya rangi ya giza unaonekana vibaya sana. Halafu geuza kipande kwenye mwanga, utaona mstari mwembamba umekizunguka, hapo ndo nusu mbili za chuma zilipokutana. Ukwangue na mgongo wa blade, sio makali, unavuta kuja kwako mara tatu nne umeisha. Mabomba ya ekzosi, fito, mpini wa usukani, vyote vina huo mstari, na usipoutoa rangi itautangaza. Blade vuta mbali na kidole gumba, mimi nina kovu.

Ukishasafisha vipande, vijaribu bila gundi kwanza. Vishikize kwa raba bendi au tepu uone kama vinakaa. Kuna modeli vipande vinaingia kama kifuniko cha chungu chake, na kuna nyingine za zamani unakuta kulia kumezidi kushoto, sasa kama kuna shida bora uijue ukiwa huna gundi mkononi.

Gundi ya modeli haifanyi kazi kama supaglu, na hili ukilielewa umevuka nusu ya mto. Supaglu inakauka katikati ya vipande viwili inavishika. Gundi ya modeli inayeyusha plastiki ya pande zote mbili zinachanganyika, halafu ile dawa inapaa hewani na kinachobaki ni plastiki moja. Yaani unachomelea. Kwahiyo hupaki kipande kimoja ukakibandika kama bahasha. Unashika vipande viwili pamoja vikiwa vimekaa sawa, unachovya kibrashi unakikung'uta kwenye mdomo wa chupa, halafu unagusa tu ncha pale kwenye muungano na gundi inakimbia yenyewe kufuata ule mstari, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Inapendeza kuangalia aisee. Gusa, subiri ikimbie, sogea sentimita mbili, gusa tena. Ila angalia vidole vyako viko wapi, kama kidole kimelala juu ya ule mstari gundi itaingia chini ya kidole na utapata alama yake kama umeenda kupiga NIDA. Baada ya sekunde kumi hivi minya kidogo, utaona uzi mwembamba wa plastiki laini unachomoza kwenye muungano. Usiuguse! Usiufute! Huo uzi ndo uzibo wako, acha mpaka kesho yake ukauke kabisa ndo uje kuusugua na msasa, ufa unakuwa umejifunga wenyewe.

Vioo ni habari nyingine. Supaglu karibu na kioo inaweka ukungu mweupe, gundi ya modeli ikidondokea kioo umekichoma. Vioo vyote mimi naweka gundi nyeupe ya mbao, ile ya maji, kidogo sana kwa kijiti cha meno, ikikauka inakuwa haina rangi na ukikosea unafuta kwa pamba yenye maji. Na fungua dirisha, harufu ya gundi hiyo sio ya kuvuta usiku kucha kwenye chumba kimoja na watoto, wala usifanyie karibu na jiko.

Nyufa zilizobaki. Puti ya gari inafanya kazi lakini ni ya kazi kubwa, inakauka ngumu kuliko plastiki na kwenye kusugua unajikuta unakula plastiki na puti imebaki kama nundu. Mimi natengeneza yangu. Chukua vipande vya fremu, vikate vidogo vidogo kama kachumbari, tia kwenye kichupa cha kioo chenye gundi kidogo, funga, acha usiku mzima. Asubuhi unakuta uji. Uji huo ni plastiki ile ile ya modeli yako, unaupaka kwenye ufa kwa kijiti, unaacha siku mbili, hata tatu kama ufa ni mpana kwasababu unanywea ukikauka, na kisha unausugua sawa na bodi kwa sababu ugumu ni ule ule. Msasa unaanza na 400 kama ufa ni mkubwa, 600, halafu 1000, na kila mara una maji. Msasa mkavu unajaza unga na kuchora mikwaruzo. Kisha funga macho pitisha kucha ya kidole juu ya ule mstari. Kucha ikikwama bado. Jicho linadanganyika hasa taa ikiwa ya manjano lakini kucha haidanganyiki.

Hapo ndo inakuja praima, ile rangi ya msingi inayopigwa kabla ya rangi yenyewe, na kwangu mimi praima ni polisi zaidi ya rangi. Bodi ikiwa na rangi tatu tatu za plastiki, puti na alama za msasa huoni kosa lolote, ukiipiga kijivu kimoja chepesi makosa yote yanasimama mstari. Datsun yangu nilidhani imekamilika, nikapiga praima, nikaona mkwaruzo kwenye paa mrefu kama kidole, nikarudi kwenye msasa. Mara tatu nimerudi. Usione aibu kurudi, aibu ni kupiga nyekundu juu ya mkwaruzo maana nyekundu ikishang'aa mkwaruzo unaonekana mpaka Sakina.

Kama huna praima ya modeli ukachukua kopo la spirei la dukani la magari, jaribu kwenye fremu kwanza kama nilivyosema, zingine ni kali zinachoma plastiki ikawa kama ngozi ya mamba. Isiyochoma nayo ipige kwa ukungu mwembamba, umbali wa sentimita 20 mpaka 25, usianzie juu ya gari, anza kubonyeza pembeni, pita, maliza upande wa pili ndo uachie. Kopo liweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano, rangi inatoka laini bila kutema. Nimesema uvuguvugu, sio ya kuchemsha na sio juu ya jiko, kopo hilo ni bomu.

Rangi yenyewe ukitumia brashi, changanya iwe nyepesi, paka tabaka tatu nyembamba badala ya moja nene, na ukishapitisha brashi usirudi kupapasa, iache. Ukiwa na eabrashi, yaani kile kibomba kidogo cha kupulizia rangi kwa upepo wa kompresa, rangi iwe kama maziwa freshi yanayotiririka kwenye ukuta wa glasi, ikiwa kama mgando itaziba na ikiwa kama maji itachuruzika. Rangi za Tamiya mimi nazipunguza na ile ile aizopropili, presha kama 15 mpaka 20 psi. Kompresa yangu nilitengenezewa na fundi friji kutoka kwenye friji bovu, haina kelele hata kidogo, ila lazima ikae na kichujio cha mafuta na maji kati yake na eabrashi la sivyo inakutemea mafuta kwenye kazi, na regulator yenye geji usiache.

Sasa hali ya hewa yetu. Mwezi wa saba hapa Arusha asubuhi ni baridi, rangi inachelewa kukauka na kopo la spirei halina nguvu, subiri saa sita jua likitoka. Masika ndo mbaya zaidi hasa kwa vanishi isiyong'aa, unyevu ukiwa mwingi inaganda nyeupe kama kioo cha daladala mvua ikinyesha, kwahiyo vanishi mimi napiga siku kavu tu, saa tano mpaka saa tisa basi. Moshi kuna joto kuliko huku, jamaa yangu wa Pasua analalamika rangi inakauka kwenye ncha ya eabrashi kabla haijafika kwenye gari, anaweka ritada, ile dawa ya kuchelewesha rangi kukauka, tone moja mbili na anafanya kazi usiku. Na kiangazi ni vumbi kila mahali. Dawa ya vumbi nimeiba kwa mama, kabla ya kupiga rangi namwagia maji sakafuni kama anavyomwagia uwanja kabla ya kufagia, vumbi linatulia, nikimaliza kupiga naifunika gari na beseni safi nililofuta ndani kwa kitambaa chenye maji. Nywele moja tu kwenye rangi mbichi acha ikauke, kesho unaitoa kwa msasa 2000. Ukiichokonoa ikiwa mbichi umejichimbia shimo.

Nyekundu haipendi kukaa juu ya kijivu, inakuwa kama damu ya mzee. Weka nyeupe au pinki kwanza halafu nyekundu. Boneti nyeusi inakuja baada ya nyekundu kukauka siku mbili. Tepu ya karatasi ukiitoa kwenye rola ukingo wake umeshakusanya uchafu na hauko sawa, ibandike kwenye kioo kwanza uikate ukingo mpya kwa rula na blade, ndo uihamishie kwenye gari. Ikandamize kwa kijiti cha meno kwenye ile mifereji. Halafu hapa kuna siri, kabla ya nyeusi piga nyekundu tena nyembamba juu ya ukingo wa tepu, kama kuna sehemu itavuja itavuja nyekundu juu ya nyekundu, inaziba, nyeusi haipati njia. Kutoa tepu, ikunje nyuma juu ya yenyewe uvute taratibu kwa pembe, usiivute juu kama plasta ya kidonda.

Stika za maji. Lazima rangi iwe inang'aa, kama ni mati, yaani isiyong'aa, ipige vanishi ya kung'aa kwanza, kwasababu juu ya mati kuna vishimo vidogo vinashika hewa chini ya stika na ukiangalia kwa pembeni unaona kama fedha fedha. Kata stika, ichovye kwenye maji ya uvuguvugu sekunde ishirini thelathini, itoe uiweke kwenye kitambaa, subiri mpaka ikisukumwa inateleza kwenye karatasi, halafu iteleze moja kwa moja juu ya gari, usiibebe hewani. Kausha kwa pamba ya masikio ukiiviringisha toka katikati kwenda nje. Kwenye mikunjo ya bodi kuna dawa za kulainisha, Micro Sol ndo naijua, usipokuwa nayo siki nyeupe ya jikoni iliyochanganywa na maji inasaidia kidogo, nasema kidogo.

Sasa ile stori ya dari. Stika za boksi langu zilikuwa zimegeuka njano kama meno ya mvuta sigara. Njano nikaitibu, nilizitia kwenye mfuko wa plastiki safi nikazibandika dirishani siku kama kumi jua la asubuhi likazipiga zikawa nyeupe tena, hiyo inafanya kazi kabisa. Lakini sikufikiria kwamba ni kuukuu pia. Nikachovya ile namba 11 ya mlango wa kushoto, nikaitelezesha, ikapasuka vipande kama saba mbele ya macho yangu, vinaelea kwenye tone la maji kama ganda la yai. Nilikaa kimya kidogo. Nilichotakiwa kufanya ni kuipiga karatasi nzima ya stika vanishi ya kung'aa kabla ya kuchovya, ingejenga ngozi mpya juu, na zilizobaki nilizifanya hivyo zikatoka salama, ila lazima ukate kila moja karibu na mchoro wake maana vanishi imezishikanisha zote.

Ile namba niliyoipoteza nikaipaka kwa rangi. Nilibandika tepu kwenye kioo, nikachora duara kwa kutumia kifuniko cha chupa ya dawa kilichokuwa na ukubwa ule ule, nikalikata kwa blade mpya, nikabandika ile tepu yenye tundu mlangoni nikapiga nyeupe tabaka nne nyembamba. Ikakauka. Kisha namba 11, ambayo nashukuru Mungu ni vijiti viwili tu, ingekuwa 28 nadhani ningeuza boksi, nikakata mistari miwili ya tundu kwenye tepu nyingine nikapiga nyeusi. Ukiweka mlango wa kushoto na wa kulia pamoja, ile ya rangi ni kali kuliko ya stika. Siku hizi duara na mistari yoyote rahisi napaka tu, stika naachia maandishi madogo.

Ukimaliza stika piga vanishi tena kuzilinda, halafu mifereji ya milango na boneti iingizwe kivuli. Chukua rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia ya giza, tone la ukubwa wa punje ya mchele, iyeyushe kwenye tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi, gusa kwenye mfereji ikimbie yenyewe kama gundi ilivyofanya. Baada ya nusu saa futa iliyozidi kwa pamba iliyolowa kidogo sana. Rangi ya mafuta juu ya vanishi ya akriliki hazigombani, ndo maana tunafanya hivi. Tyubu nzima huhitaji kununua, wachoraji wanaouzia watalii picha mjini hapa wana tyubu zilizobaki nusu na watakuachia kwa hela ya chai. Nyeusi tupu usitumie kwenye gari nyekundu, itakuwa kama katuni.

Na mwisho vumbi, ambalo kusema ukweli ndo lilinifanya niipende hii kazi, kwasababu Mjapani au Mzungu analinunua kwenye kichupa na sisi tunalikanyaga. Gari ya rali ya 1971 bila vumbi ni gari ya shoo rumu. Nilichota udongo sehemu tatu, wa barabara ya kwenda Kisongo ambao ni kijivu kama majivu, wa nyuma ya kibanda, na mwekundu wa kahawia niliutoa Kibosho kwa mjomba shambani kwenye migomba. Ukaushe kwenye kikaango cha zamani moto mdogo, usage kwa mgongo wa kijiko, halafu uchuje kwenye soksi ndefu za kike zile nyembamba, mara tatu, mara ya tatu soksi iwe mbili. Rudi kwenye hesabu yetu ya skeli, punje ya nusu milimita kwenye 1/24 ni jiwe la milimita 12, hilo sio vumbi hilo ni kokoto. Unachotaka ni kile kinachopeperuka ukipumua.

Na usitumie rangi ya udongo kama ilivyo. Kitu kidogo kinaonekana cheusi kuliko kikubwa, udongo wa Kibosho tupu kwenye modeli ulionekana kama kahawa imemwagika. Nikauchanganya na ule wa Kisongo na chaki nyeupe iliyosagwa kidogo ndo ukawa vumbi. Upake kwa brashi kavu laini, kisha chovya brashi nyingine kwenye aizopropili uguse pembeni ya lile vumbi, linanyonya linashika. Utaona limepotea kabisa ukadhani umeharibu, subiri, likikauka linarudi. Hapo usiloweshe sana, ile spiriti tulishaona inang'oa akriliki.

Angalia magari ya kweli pale stendi yakitoka porini, vumbi haliko sawa kila mahali. Nyuma ya tairi linakuwa nene, mkia mzima wa gari unapotea kwasababu gari inavuta vumbi lake lenyewe, milango chini inashika kuliko juu, na pale kwenye kitasa vidole vimefuta. Kioo cha mbele ndo nilikifanyia kazi siku nzima. Nilikata tepu umbo la ule upinde wa waipa, mbili zimepishana kidogo, nikabandika kwenye kioo, nikapiga vanishi isiyong'aa iliyochanganywa na vumbi kidogo sana kwa eabrashi kwa mbali, nikabandua. Upinde ukabaki msafi unaona siti ndani, pembeni kote vumbi. Mzee mmoja aliyeleta simu ya batani aliinama pale kwenye kioo akasema hiyo gari imetoka mbali.

Kwenye kabati usiiweke jua linapopiga, nyekundu inafifia. Vumbi la kweli likitua juu ya vumbi lako liondoe na ile brashi ya poda, pumzi kidogo na brashi basi. Waambie na nyumbani. Mke wangu kwa nia njema kabisa aliona chafu akaifuta kwa kitambaa cha maji na sabuni ya unga, ikang'aa, na upande wa kushoto wote mpaka kwenye ile namba yangu ya kupaka nimeurudia upya.